Baba ananiita injinia, na mimi si injinia

BARUA

Shikamoo Mama,

Safu hii naisoma tangu niko sekondari, enzi hizo nikidhani matatizo ya watu ni mapenzi tu. La kwangu ni la shule. Litakuwa refu kidogo, naomba univumilie.

Nina miaka 30, mtoto wa kwanza kati ya watano, nimezaliwa kando ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Baba alikuwa mvuvi wa sangara mpaka mgongo ulipomkatalia. Miaka niliyokuwa mtoto mchanga, gugumaji lilikuwa limeuziba mwalo wetu. Baba husimulia walivyokuwa wakisukuma mtumbwi kwa pondo saa nzima kupita mahali pa dakika tano. Kisha, anasema, wakaja watu na madebe ya wadudu wadogo mfano wa fukusi wa mahindi, wakawamwaga juu ya majani, na misimu kadhaa baadaye gugu likaanza kunyauka. Hadithi hiyo nimelelewa nayo. Ndiyo iliyonipeleka Dar es Salaam kusoma baiolojia ya molekuli na baioteknolojia. Nilitaka na mimi niwe mtu wa madebe.

Nilimaliza mwaka 2018. Kazi hakuna. Karibu miaka 3 nilikaa chini ya mwavuli stendi, wakala wa kutoa na kuweka pesa kwenye simu, vyeti vikiwa ndani ya bahasha chini ya godoro. Ndipo nikapata nafasi ya uzamili katika uhandisi wa mazingira, ada nusu imelipwa. Walinipokea kwa sharti la kusoma kwanza masomo ya kuniziba mapengo: haidroliki, hesabu, michoro. Siku ya kwanza ya haidroliki mwalimu aliandika ubaoni kanuni ya Manning ya maji yanayopita kwenye mfereji. Wenzangu hata kalamu hawakugusa, wanaijua tangu mwaka wa pili. Mimi nikainakili kama mtu anayenakili hirizi.

Utafiti wangu ulikuwa kwenye mabwawa ya majitaka ya mji mmoja wa huku Kanda ya Ziwa. Hapo, Mama, nikwambie ukweli, nilisahau kwamba nina shida. Yako matatu. La kwanza lina kina kirefu, jeusi, linachemka mapovu ya gesi. La pili ni la kina kifupi na siku zote ni kijani kama mchicha uliopikwa, kwa sababu ya mwani. La tatu lina kina kifupi zaidi, jua linafika chini na kuua vimelea. Mwezi Aprili mwaka jana bwawa la pili liligeuka waridi. Nilifika saa 12 asubuhi nikadhani ni mwanga wa alfajiri, nikangoja jua lipande, likabaki waridi vilevile. Nilipoweka tone chini ya hadubini nikawaona bakteria wa zambarau, wale wanaoishi kwa mwanga na ile gesi inayonuka kama yai viza. Nikakaa siku 3 nikikokotoa mzigo wa uchafu unaoingia, na hesabu hazikubali: kwa maji yanayopimwa mlangoni, bwawa halikupaswa kuzidiwa. Mzee anayeyahudumia mabwawa yale, kwa miaka 27 sasa, alinusa upepo akasema, "Hili limevimbiwa. Kuna mtu analilisha damu usiku." Tukakesha. Saa 8 usiku likaingia gari la kunyonya vyoo limetoka machinjioni, likamwaga moja kwa moja kwenye bwawa la pili, kukwepa kulipa getini. Mzee hakusema kitu. Aliandika namba ya gari kwenye kiganja.

Yako na ya kuchosha. Kipimo cha BOD, cha kujua vijidudu watatumia oksijeni kiasi gani kuula uchafu, kinataka vichupa vikae gizani siku 5 kwa nyuzi 20. Siku ya tatu umeme ukakatika, jenereta haina dizeli, nyuzi 20 zikawa 29. Vichupa 24 nikavimwaga kwenye sinki. Yalinikuta hayo mara 3.

Mwezi uliopita nimetetea tasnifu, nikapita kwa marekebisho madogo. Lakini mtahini mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Binti, wewe ni mhandisi au ni mtu wa baiolojia?" Watu wakacheka. Nikajibu, "Vyote viwili," sauti ikatoka ndogo. Kule maabara nilikotoka wananiita injinia kwa kejeli. Wahandisi wananiita mtu wa vichupa. Popo: ndege wamemkataa, wanyama wamemkataa.

Sasa nina mambo matatu mezani. Chuo kimoja cha Uholanzi kimenipa nafasi ya uzamivu, miaka 4, gharama zote, kuhusu vinasaba vya bakteria wanaoondoa amonia kwenye majitaka. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. La pili, mamlaka ya maji yenye mabwawa yale imenipa mkataba wa miaka 2 maabara, ngazi ya fundi sanifu, mshahara wa mtu wa stashahada. Mzee anastaafu Desemba na hakuna anayemrithi. La tatu ni wazo langu mwenyewe: nirudi nianze shahada ya kwanza ya uhandisi, miaka 4, maana nimeambiwa kwamba uzamili wangu haunifanyi mhandisi wa kusajiliwa kama shahada ya kwanza ni ya sayansi.

Na hapo ndipo penye kisu. Baba ameshanitangaza. Kanisani, sokoni, kwa wajomba: "Binti yangu injinia." Mdogo wangu anaoa Septemba. Juzi kamati imenitumia mfano wa kadi kwa WhatsApp, na kwenye orodha ya familia jina langu limetanguliwa na "Eng." Nikaitazama simu mpaka ikazima taa. Mama mzazi ananiambia nichague kimoja, njia mbili zilimshinda fisi. Nisipochagua nitapasuka, na sijui nichague nini.

Wako,
Popo, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera ya tasnifu. Naona hakuna aliyekupa kwenye barua nzima, hata wewe mwenyewe umeipita mbiombio ukikimbilia kicheko cha ukumbini.

Nikikuelewa vizuri, unasema hivi. Umesoma kitu kimoja, ukakosa kazi, ukahamia kingine, na sasa pande zote mbili zinakuona mgeni. Mbele yako kuna safari itakayokurudisha kwenye baioteknolojia, kazi itakayokuweka kwenye mabwawa kwa cheo kilicho chini ya shule yako, na darasa litakalokupa jina ambalo baba yako ameshakupa bure. Na juu ya yote kuna kadi ya harusi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Uzamivu wa Uholanzi, jambo la kumvusha mtu bahari, umeupa sentensi mbili. Bwawa la waridi umelipa rangi, saa, harufu, na maneno ya Mzee kama alivyoyatamka. Sisemi hiyo ni ishara ya lolote. Barua za namna hii huandikwa usiku, na usiku mtu huandika kilichomkaa kooni. Huenda Uholanzi umeifupisha kwa sababu unaiogopa, na mtu huogopa pia kile anachokitaka sana. Ila nimeona, na nikinyamaza nitakuwa nimekuficha.

Tuanze na huyu popo, maana umemtia sahihi. Nina wasiwasi naye. Popo wa hadithi walimkataa kwa sababu alikuwa akihamia upande unaoshinda. Wewe ulihamia wapi ukafuata ushindi? Ulitoka chini ya mwavuli wa stendi ukaenda kusimama kwenye majitaka. Halafu nikuulize, lile bwawa ni la nani? Aliyekokotoa kina chake na siku ambazo maji yakae humo kabla ya kutoka ni mhandisi. Wanaofanya kazi yenyewe, usiku na mchana bila mshahara, ni bakteria na mwani. Ukimwondoa mmoja, huna bwawa la kutibu maji, una shimo la uvundo. Ulianza kwenye hadubini, ikakwambia limezidiwa bila kukwambia na nani, na hesabu zilipokataa ukamsikiliza Mzee. Sijui mtahini wako angependa uitwe nani kwa kazi hiyo ya siku 3. Nadhani swali lake lilikuwa la mtu aliyetaka kujua akuweke kwenye kabati lipi, na makabati ni ya kwake.

Nimewauliza watu wawili wa kazi hizo, na wote wamenijibu kwa majina ya watu. James Barnard wa Afrika Kusini ni mhandisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Pretoria alionyesha kwamba ukiyapitisha majitaka mahali penye hewa na pasipo na hewa kwa mpangilio fulani, vijidudu wenyewe wataondoa naitrojeni na fosforasi bila kumwagiwa kemikali. Mhandisi yule aliheshimiwa duniani kwa kuwajulia bakteria, na mwaka 2011 akapewa tuzo ya maji ya Lee Kuan Yew kule Singapore. Upande wa pili, Profesa Amelia Kivaisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mtu wa mikrobiolojia. Yeye na wenzake wamechunguza mabaki ya mkonge yanavyooza pasipo hewa na kutoa methani, na mwaka 2001 alichapisha mapitio marefu kuhusu ardhioevu za kutengenezwa za kusafishia majitaka katika nchi kama zetu. Na Hale, Korogwe, kuna mtambo uliojengwa kugeuza mabaki hayo ya mkonge kuwa biogesi na umeme. Mtambo wa namna hiyo unamhitaji anayejua vijidudu wanakula nini, na unamhitaji anayejua bomba liwe na kipenyo gani.

Lakini sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni rahisi kwangu mimi, niliyekaa na chai yangu, kukwambia kwamba katikati ni mahali pazuri. Katikati hapana fomu. Mfumo wa kuombea ajira unauliza fani, unachagua moja kwenye orodha, na kama yako haimo hapo, hadithi ya Pretoria haikusaidii. Hilo umelionja.

Kwa hiyo suala la jina si la kupuuza. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 haimruhusu mtu asiyesajiliwa kujiita mhandisi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi huanza kwa kuangalia shahada ya kwanza ya uhandisi inayotambuliwa. Umeandika "nimeambiwa". Na nani? Kwenye korido, au na Bodi yenyewe kwa barua, baada ya kuona vyeti vyako na yale masomo ya kuziba mapengo? Usije ukatoa miaka 4 ya maisha kwa neno la korido. Peleka vyeti, upewe jibu la maandishi, hata kama ni lile unaloliogopa.

Tuchukue kwamba jibu ni hapana. Swali ninalokuachia ni hili: kuna kitu gani anachofanya mhandisi aliyesajiliwa, ambacho wewe unataka kukifanya na huwezi? Kipo. Yeye ndiye anayesaini mchoro wa bwawa, na siku ukuta ukipasuka yeye ndiye anayeitwa. Kama ukilala unaota mabwawa yako mwenyewe, yaliyopangwa upya, na jina lako chini ya mchoro, basi shahada ya kwanza ukiwa na miaka 30 si aibu, na ukiuliza kabla ya kuanza, huenda chuo kikakufutia baadhi ya masomo. Gharama yake unaijua: ada hujaonyesha itatoka wapi, utakaa darasani na watoto wa miaka 20, na ukimaliza bado kuna miaka ya kufanya kazi chini ya wahandisi wengine kabla hujaandikishwa kikamilifu. Kama unachoota ni kujua kwa nini maji yamegeuka waridi, huhitaji sahihi hiyo. Upo pia mlango mwingine ambao sijui kama umeugusa: NEMC, baraza la taifa la mazingira, huandikisha wataalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, na hauko wazi kwa wahandisi peke yao. Mtu anayejua bakteria na anayeweza kusoma mchoro si mtu wa kutupwa huko. Nao una karaha zake. Kazi huja na kukatika, na mwenye mradi anayekulipa angependa ripoti imwambie anachotaka kusikia.

Sasa Uholanzi. Wale bakteria wa amonia, kama ndio ninaowafikiria, wana historia ya kuchekesha. Mtu mmoja kule Austria aliandika mwaka 1977 kwamba kwa hesabu za nishati wanapaswa kuwepo. Hakuna aliyewaona mpaka miaka ya 1990, walipogunduliwa kwenye mtambo wa majitaka wa kiwanda cha hamira mjini Delft, hukohuko Uholanzi. Mtambo mkubwa wa kwanza wa kuwatumia ulijengwa Rotterdam mwaka 2002, na ulichukua miaka mitatu na nusu kushika kasi yake, kwa sababu viumbe hao huzaana polepole mno: siku 11 hivi kuongezeka maradufu, wakati bakteria wengine wa maabara wanatumia dakika 20. Nakueleza haya ili ujue unachoitwa kukifanya ni nini. Ni kazi ya mtu mwenye subira, na wewe uliyemwaga vichupa 24 mara 3 ukaanza upya sina shaka unayo.

Ninachokiuliza ni majitaka ya nani. Barua ya chuo inasemaje? Utachunguza maji ya Uholanzi ya majira ya baridi, au kuna nafasi ya kuchukua sampuli kwenu? Wako waliotangulia, mathalani Chuo Kikuu cha Wageningen, waliosoma kwa mpango wanaouita sandwichi: unaanzia kule, unarudi kufanya utafiti nyumbani, unamalizia kule. Kutaka hivyo si utovu wa adabu, wasimamizi huulizwa kila siku. Na ukumbuke kwamba si kila kilichobuniwa kwenye baridi kinabaki huko. Ule mtambo wa majitaka kupanda kupitia blanketi la tope pasipo hewa, alioubuni Gatze Lettinga na wenzake Wageningen katika miaka ya 1970, umepokelewa sana Brazil na India, kwa sababu joto la huko ndilo bakteria wanalolipenda. Joto hilohilo lililokuharibia vichupa. Kipimo chako cha nyuzi 20 kina asili ya Uingereza, na bwawa la Kanda ya Ziwa halijawahi kuona nyuzi 20 mchana tangu lichimbwe. Labda swali zuri la uzamivu limelala hapo. Labda. Wewe ndiye unayejua.

Hatari za kwenda ni za kawaida lakini zinauma. Posho ya Ulaya ni nono ikihesabiwa kwa shilingi na nyembamba ikihesabiwa kwa kodi ya chumba, na wewe ni kifungua mimba. Ada za wadogo zitakufuata hadi kwenye theluji. Utarudi na miaka 34 au 35, ukiwa stadi wa mashine ambazo huenda nyumbani hazipo, au zipo na kemikali zake zimekwisha. Na kuna wanaokwenda wasirudi, si kwa ubaya, maisha tu yameota mizizi. Yote hayo yanaweza yasikukute. Nimewajua waliorudi na kuanzisha maabara kwenye chumba kilichokuwa stoo.

Kazi ya maabara mabwawani ndiyo naiogopa kidogo kukuzungumzia, maana nimeshakiri nilivyoisoma barua yako na sitaki uone nakusukuma. Mshahara ni mdogo, na kama una deni la Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kabla hujaugusa. Cheo cha fundi sanifu kinaweza kukuganda. Mwajiri akishazoea kukulipa kama mwenye stashahada haoni haraka ya kukupandisha, na mkataba wa miaka 2 ukiisha unaweza kujikuta stendi tena, safari hii bila barua ya Uholanzi. Muulize mwajiri, kabla hujasaini, kama wana nafasi ya ngazi yako kwenye muundo wao na inajazwaje. Muulize pia kuhusu dizeli ya jenereta. Usicheke. Kikomo cha nchi ni miligramu 30 za BOD kwa lita kwa maji yanayotoka, na mamlaka isiyoweza kuwasha inkubeta, lile kabati la kutunza vichupa kwa nyuzi 20, siku 5 mfululizo haijui kama inatii au haitii. Jibu lao kuhusu dizeli litakueleza kama wanataka mtaalamu au wanataka mtu wa kujaza jedwali.

Halafu yupo Mzee, na miaka yake 27 ambayo haikuandikwa popote isipokuwa kwenye pua yake. Desemba anaondoka nayo. Hilo si jukumu lako, ni uzembe wa waliopaswa kumpa msaidizi miaka 10 iliyopita. Lakini hata ukichagua kwenda, kati ya leo na safari kuna miezi. Daftari la shilingi 1,000 na jioni chache za kukaa naye kando ya bwawa la kwanza havihitaji mkataba.

Mama yako amekutajia fisi. Mama zetu na fisi! Ni kweli alipasuka, lakini alipasuka kwa sababu alinusa nyama mbili, mguu mmoja huku na mwingine kule. Nimejaribu kuziona njia zako mbili nikashindwa kukubaliana nawe ni zipi. Wewe unasema ni baioteknolojia na uhandisi. Mimi kwenye barua naona kwenda na kubaki, na naona kuitwa na kufanya. Hizo zinaweza kweli kumpasua mtu, na hazitatulika kwa kuchagua fani. Unaweza ukachukua shahada ya uhandisi ukabaki na ubishi huohuo, safari hii ukiwa na kofia ngumu kichwani.

Kuhusu kadi nitakuwa mfupi. Mpigie katibu wa kamati leo, kabla haijaenda kwa mchapaji, mwambie hizo herufi zitolewe. Huhitaji kumweleza historia. Kadi huwa na makosa ya majina kila siku na hakuna harusi iliyovunjika.

Baba ni mazungumzo mengine, na hayafai kwa simu. Unadhani anajivunia neno injinia. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba ni neno pekee alilopata la kuwaambia wajomba kuwa binti yake anafanya kazi kubwa asiyoielewa vizuri. "Mtaalamu wa vijidudu vya majitaka" jaribu kulitamka sokoni uone. Umewahi kumpeleka bwawani? Mtu aliyesukuma pondo kwenye gugumaji saa nzima hawezi kushindwa kuelewa bwawa lililovimbiwa. Mwache anuse mwenyewe, akae na Mzee, waongee lugha yao ya upepo na maji, nawe ukae pembeni.

Na siku hiyo mrudishe kwenye hadithi yake ya madebe. Wanasayansi bado wanabishana ni sehemu gani ya sifa iwaendee wale fukusi na ni sehemu gani iende kwa mawingu na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998, na gugu lenyewe halikuisha, hurudi na kupungua hadi leo. Lakini baba haikumbuki hadithi kwa ajili ya ubishi huo. Muulize wale watu waliokuja na madebe walikuwa na cheo gani. Muulize kama walikuwa wahandisi, au mabwana shamba, au walimu wa chuo. Ningependa kujua atakujibu nini.

Mwisho wa mwezi ujao si mbali, ila si kesho. Barua mbili unaweza kuziandika wiki hii, ya Bodi na ya msimamizi wa Uholanzi, na swali moja la dizeli ukaliuliza kwa mdomo. Ukipata majibu yao, na ukitaka, niandikie tena. Nitaisoma bila penseli.

Ila kuna kitu nimekitafuta kwenye barua yako sikukiona. Mzee, umeshamwambia kwamba huenda ukaondoka?